Shilingi Mia Tano kwa Herufi

Bwana Afya Senzota alikuja na karatasi ya daftari
na bajeti ya elfu kumi na tano.
Alitaka ubao wa lango la soko, Kiborloni,
useme neno kuhusu haya macho.

Mimi nachora kwa herufi. Mia tano kila moja,
nukta bure, mshangao bure kwa serikali.
MACHO MEKUNDU, nikamwambia, hapo tayari elfu sita.
Akaandika YANAAMBUKIZA.
Nikahesabu kwa mpini wa brashi: kumi na mbili.
Elfu sita nyingine.
Akakuna kidevu. "Hakuna neno fupi?"

Tukakaa, yeye juu ya ndoo, mimi juu ya kopo,
watu wazima wawili tukitafuta maradhi ya bei nafuu.
Kuenea, anasema. Hiyo ni ya harufu ya vitumbua, namjibu.
Kusambaa ni kwa watu wakitoka msibani.
Kuzagaa ni kwa mifuko, na mbwa.
Redioni wanasema mlipuko,
lakini nani hapa kasikia kishindo?
Mlima uko palepale, umejifunika shuka, kimya,
na huku chini macho yanachuruzika.

Wenye soko wana maneno yao, wala hawayalipii.
Mama Aikande wa mafungu ya sweta anasema "yamenipitia",
kama mgeni aliyeomba maji akaenda zake.
Muuza viatu vya mtumba: "Nimegawiwa."
Ndeshi wa chai, leso imeshuka mpaka kwenye nyusi,
anasema "kanipa Eliakunda",
jina zima, mchana kweupe,
na Eliakunda kahamisha meza yake hadi kule
wanakotupa maganda.

Senzota hapendi "kanipa".
Anapenda "ameambukizwa". Humo ndani, anasema,
hakuna mwizi.

Nikaanza kukwangua ubao.
Rangi kuukuu ikaambuka, vipande vikubwa, vikavu,
vikaniangukia kwenye viatu.
Chini yake KIPINDUPINDU, mwandiko wangu,
mwaka ule mvua ilipobeba vyoo vya Njoro.
Chini ya hapo, buluu iliyofifia, mkono wa baba:
NDUI.
Herufi nne. Alilipwa kata moja ya mbege
na aliipokea ikiwa imeshapita midomo minne.

Ikaambuka. Nikasimama na kikwangulio mkononi.
Miaka yote hiyo nachora ambukiza, ambukizo, maambukizi,
sijawahi kulisikia neno ndani ya neno.
Kinachobanduka kwako
hutafuta pengine pa kubandikwa.
Nikataka kumwambia Senzota, lakini alikuwa kwenye simu,
akipangusa jicho kwa mgongo wa kidole.

Fupi hatukulipata.
Tukachukua lile refu, zikabaki elfu tatu,
herufi sita: NAWENI.
Mikono haikununulika.
Akanihesabia, nyekundu moja na ya elfu tano moja,
noti zina unyevu kidogo, nami, ngazi begani,
nikazibana kwa meno.

Asubuhi ya tatu kope la kushoto halikufunguka.
Nililowesha kwa chai ya rangi, likakubali nusu.
Nikaenda hivyohivyo, kazi ya watu haingoji,
nikapanda, nikachora nikiwa nimeinamisha kichwa upande.
Ndiyo maana mstari ule unashuka, ukiutazama vizuri.

MACHO MEKUNDU YANAAMBU
Hapo brashi ikakauka. Nikashuka kutafuta turupentini.

Niliporudi, mtoto wa Ndeshi,
yule anayejifunza kusoma, kasimama juu ya ndoo.
"Ya-na-a-mbu," anasema. "Ya-na-a-mbu."
Akainua kidole, akaigusa ile U mbichi,
akakitazama kilivyokuwa chekundu.
Mama yake akamwita.
Akageuka na jua likampiga usoni
na, kwa kidole kilekile,
akafikicha jicho.